Bima ya afya kwenye godauni la dagaa: kisa kimoja cha Kirumba

Godauni lenyewe liko upande wa Ilemela, si mbali na soko la Mwaloni, Kirumba. Linanunua dagaa wakavu kutoka visiwani na kwenye mialo ya Ukerewe na Buchosa, linawachambua, linawapakia kwenye magunia na kuwasafirisha. Wazuri wanaelekea Kongo, waliovunjikavunjika wanakwenda kwenye vyakula vya kuku. Mmiliki ni mwanamke wa makamo ambaye humo ndani kila mtu anamwita Mama, hata wanaomzidi umri. Mimi ninamwandalia hesabu, mishahara na ritani za serikali, kama ninavyowafanyia wafanyabiashara wengine kadhaa wa Mwanza. Majina nimeyaacha, na mambo machache nimeyabadilisha ili wahusika wasitambulike.

Mwanzoni mwa 2024, tukifunga hesabu za mwaka uliopita, niliomba daftari la madeni. Ni daftari la mistari la kawaida, jalada limelowa mafuta, lina safu tatu: jina, kiasi, sababu. Safu ya sababu ilikuwa imejaa misiba kidogo, ada za shule kidogo, na "matibabu" kila baada ya mistari miwili. Nilipojumlisha matibabu peke yake nilipata Sh2,300,000. Zilizorudi kwa makato ya mshahara zilikuwa Sh1,250,000. Zilizobaki, Sh1,050,000, zilikuwa za watu wawili walioacha kazi bila kuaga.

Mmoja wao alikuwa kuli wa siku nyingi, mshahara wake Sh200,000 kwa mwezi. Jumapili moja alipanda bodaboda kwenda Kisesa, wakakwaruzana na daladala, akavunjika mfupa wa mguu. Akawekewa chuma. Bili nzima ilifika Sh780,000, Mama akaitoa yote, wakaandikishana makato ya Sh50,000 kila mwezi. Kuli aliporudi kazini alikatwa mara tatu, kisha siku moja hakutokea. Baadaye tukasikia yuko Buchosa kwenye kambi ya uvuvi.

"Nimemtibu, akanikimbia," Mama alisema, na alikuwa na haki ya kuumia. Lakini hebu tukae kidogo upande wa kuli. Ana mke, watoto na kodi ya chumba Mabatini. Kwa miezi 16 mfululizo atapeleka nyumbani Sh150,000 badala ya Sh200,000, na mtoto akiugua katikati ya miezi hiyo, deni linaongezeka. Mtu huyo hakukimbia wema wa bosi wake, alikimbia hesabu isiyolipika. Mama naye alipoteza Sh630,000 na kuli aliyekuwa anajua kupanga lori la dagaa bila gunia kupasuka, ujuzi ambao kijana mpya huchukua muda kuupata.

Mkopo wa matibabu unaonekana kama msaada, na kwa nia ni msaada. Kwa mfumo ni bima mbovu kuliko zote: mgonjwa mmoja anabeba gharama yote, anaibeba baada ya kuugua, na anaibeba wakati uwezo wake wa kufanya kazi umepungua.

Tulichokuwa nacho tayari bila kukijua

Swali la kwanza la Mama lilikuwa kwa nini Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi haukulipa. Kila mwezi anauchangia asilimia 0.5 ya mishahara, kwa hiyo alidhani mfanyakazi akivunjika, mfuko unahusika. Waajiri wengi wadogo wanadhani hivyo. Mfuko huo, WCF, unafidia ajali na magonjwa yatokanayo na kazi. Gunia likimwangukia kuli akipakia, hiyo ni yao. Bodaboda ya Jumapili kwenda Kisesa si yao.

La pili nililileta mimi. Watumishi walioandikishwa walikuwa wanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, kwa mchango ule wa asilimia 20, nusu mwajiri nusu mfanyakazi. Tangu 2005 NSSF ina fao la matibabu ndani ya mchango huo huo, bila makato ya ziada: mwanachama aliyechangia angalau miezi mitatu anajisajili yeye, mwenza na watoto wasiozidi wanne, anachagua kituo atakachotibiwa. Kwenye godauni hakuna hata mmoja aliyekuwa amejisajili. Si kwamba walikataa, hakuna aliyewahi kuwaambia. Ninawafanyia hesabu waajiri ambao wamelipia fao hili mwaka baada ya mwaka na wafanyakazi wao wanaendelea kuchangishana kwenye kofia.

Kwa mtu ambaye familia yake yote inaishi Nyakato, ningemwambia aanzie hapo na atulie. Kwenye godauni hili kikwazo kilikuwa ni kile kituo kimoja cha kuchagua. Dereva analala Kabanga mpakani na Burundi mara nyingi kuliko anavyolala kwake. Mke wa kuli mmoja yuko Sengerema analima. Watoto wa fundi wa mashine ya kushona magunia wako kwa bibi yao Ukerewe. Familia za ziwani zimetawanyika kama mialo yenyewe, na kituo kimoja Ilemela hakiwafikii.

Ndipo tukaingia kwenye Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. NHIF ilianzishwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kazi 2001 ikiwa ya watumishi wa umma: asilimia 6 ya mshahara wa msingi, 3 za mtumishi na 3 za mwajiri. Sekta binafsi iliingia baadaye, kwa hiari. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, ndiyo iliyokuja kusema kwamba mwajiri binafsi naye ni lazima amsajili mwajiriwa wake, na abebe angalau nusu ya mchango. Mama aliisikia sheria hiyo redioni. Alichotaka kwangu ni shilingi ngapi.

Waliokuwa kwenye orodha ya mishahara ni tisa, jumla Sh2,170,000 kwa mwezi. Asilimia 3 ya mwajiri ni Sh65,100 kwa mwezi, Sh781,200 kwa mwaka. Nikaiweka kando ya ile Sh1,050,000 iliyopotea kwenye daftari, na Mama akavua miwani. Ilibidi nimtahadharishe hapo hapo kwamba mwaka 2023 ulikuwa na chuma cha mguu ndani yake. Mwaka wenye malaria na vidonda tu, hesabu ingegeuka na bima ingeonekana ghali. Hiyo ndiyo tabia ya bima, na mwajiri anayeiingia akitegemea imlipe kila mwaka ataitoka mwaka wa pili.

Kilicholeta punguzo ni mkataba

Hapa ndipo kisa hiki kinaponivutia zaidi ya bili za hospitali.

Kuli wa mshahara wa Sh200,000 anachangiwa Sh12,000 kwa mwezi, yaani Sh144,000 kwa mwaka. Nusu yake mwenyewe ni Sh6,000 kwa mwezi. Kwa hela hiyo anaingia yeye, mwenza na wategemezi wanne. Chukua mtu wa chini zaidi: kima cha chini cha viwanda na biashara kilichoanza Januari 2023 kilikuwa Sh150,000, na asilimia 6 yake kwa mwaka ni Sh108,000 kwa familia ya watu sita. Sasa linganisha na kiasi ambacho serikali ilikitaja 2022, muswada wa kwanza ulipokuwa unajadiliwa, kwa kaya ya watu sita isiyo kwenye ajira rasmi: Sh340,000. Kelele zilizopigwa wakati ule ninyi mnazikumbuka.

Familia zote hizo ni za watu sita, zinaumwa malaria ile ile na kichocho kile kile cha ziwa moja. Yenye mtu kwenye orodha ya mishahara inachangiwa theluthi ya gharama ya nyingine, na nusu ya theluthi hiyo anailipa bosi. Tofauti hiyo haitokani na kipato, maana mchuuzi wa sangara pale Mwaloni anaweza kumzidi kuli kipato. Inatokana na karatasi inayoitwa mkataba wa ajira. Asilimia inafuata mshahara mdogo, na wenye mishahara mikubwa wanajazia. Asiye na mshahara wa kuandikwa hana wa kumjazia, labda awe fukara kabisa na serikali imlipie, jambo ambalo sheria ya 2023 imelitengea mfuko wenye vyanzo kama kodi za soda, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Katikati ya fukara na mwajiriwa ndipo walipo watu wengi wa Kirumba.

Kwa hiyo mwajiri mdogo akiuliza atafanyaje bima iwe nafuu kwa watu wake, jibu langu ni fupi: waandikishe. Na hapo ndipo unapogusa kidonda.

Nimesema orodha ilikuwa na watu tisa. Ukweli ni kwamba walikuwa kumi. Mlinzi wa pili, mzee wa makamo anayelinda geti la nyuma, alikuwa analipwa Sh180,000 kutoka pochi ya nyumbani kwa Mama, anahesabika kama mlinzi wa nyumba. Sababu inajulikana na kila mhasibu wa mji huu. Mwajiri akifikisha wafanyakazi 10 anaanza kulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, asilimia 3.5 ya mishahara yote. Haihesabiwi kwa huyo wa kumi peke yake, inarudi nyuma na kuwakamata wote. Kwa mishahara ya godauni, Sh2,350,000 ukimjumlisha mlinzi, SDL ni Sh82,250 kila mwezi.

Angalia namba hizo mbili tena. Kuwawekea bima watu tisa na familia zao kulimgharimu Mama Sh65,100. Kumkiri mtu wa kumi kungemgharimu Sh82,250, kabla hajamnunulia huyo mtu chochote. Nilimwambia waziwazi kwamba kumficha ni kosa, na siku akikaguliwa mimi sitakuwa na la kumtetea. Alinijibu, "Baba, nipe mwaka." Sitetei kosa lake. Lakini aliyekaa ofisini akapanga kiwango cha 10 alikuwa anafikiria vyuo vya ufundi vya veta, na aliyepanga bima kwa wote alikuwa anafikiria hospitali, na wote wawili wamekutana kwenye mgongo wa mlinzi mmoja bila kujuana. Serikali ikitaka waajiri wadogo waandikishe watu kwa ajili ya bima, ingefaa kwanza tozo hii isiruke kutoka sifuri hadi yote kwa mtu mmoja. Ingeanza kuhesabiwa kwa wa kumi na kuendelea, na sioni kama hazina ingelia sana.

Kikao cha mbalamwezi

Kikao kilifanyika wakati wa mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti kitu, wavuvi wanashona nyavu, na godauni linapoa. Watu walikaa juu ya magunia.

Upinzani ulitoka kwa karani, binti wa miaka 20 na kitu. "Mama, mimi siumwi. Hiyo Sh8,400 yangu nikate ya nini?" Kwa mshahara wake wa Sh280,000 hesabu aliipata kichwani kabla yangu. Hoja yake si ya kitoto. Ukiwaachia watu hiari, karani hatoingia, fundi mwenye afya hatoingia, atakayeingia ni yule ambaye mke wake ana miadi ya upasuaji wiki ijayo. Mfuko wa wagonjwa watupu haujawahi kudumu popote. Ndiyo maana sheria imekwenda kwenye ulazima, na ndiyo maana Mama aliamua waingie wote tisa au asiingie yeyote. Karani alinuna. Alinuna mpaka dereva alipomwuliza, "Na mama yako wa Magu naye haumwi?"

Swali hilo lilibadilisha kikao, kwa sababu wategemezi si watoto tu, mzazi naye anaingia. Karani, ambaye hana mume wala mtoto, akawaandika baba na mama. Yule aliyekuwa analalamika zaidi ndiye aliyefaidi zaidi, kwa kuwa mama yake ana presha na dawa zake ni za kila mwezi.

Mtunza stoo ndiye aliyekwama. Ana mke, watoto watano na mama mzee. Nafasi za wategemezi ni nne. Usiku mzima alikuwa ananiandikia WhatsApp, anafuta, anaandika tena. Mwisho aliwaandika mama yake na watoto watatu wadogo. Wawili wakubwa, wenye afya nzuri, wakabaki nje. Zamani ningemwambia awanunulie Toto Afya Kadi, Sh50,400 kwa mtoto kwa mwaka, lakini usajili wa mtoto mmoja mmoja ulikuwa umesitishwa Machi 2023, kwa maelezo kwamba wazazi walikuwa wanawakatia waliokwisha kuugua tu. Maelezo yenyewe ni ya kweli kama hoja ya karani ilivyo ya kweli. Ila kwa mtunza stoo yalimaanisha kuchagua kati ya mtoto na mtoto, na sijui sera inayoweza kumfanya baba aone hilo ni jambo la kawaida. Usukumani watoto watano si wengi.

Makaratasi yalichukua muda kuliko hela. Vitambulisho vya taifa vya NIDA walikuwa navyo karibu wote. Vyeti vya kuzaliwa vilitugawa kwa umri: wadogo walikuwa navyo, kwa sababu usajili wa bure wa RITA kwa watoto chini ya miaka mitano umekuwa ukifanyika Mwanza kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, wakubwa waliozaliwa kabla yake hawakuwa navyo. Vyeti vya ndoa ndiyo vilikuwa kichekesho. Sheria ya Ndoa ya 1971 inawadhania kuwa mke na mume mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, lakini dirishani unaombwa karatasi. Kuli mmoja, mwenye watoto watatu na ng'ombe alizokwisha kutoa kwao mke zamani, alimchukua mke wake wakaenda kufunga ndoa bomani. Wenzake walimpikia pilau. Nadhani ni harusi pekee ninayoijua ambayo mshenga alikuwa fomu ya bima.

Kadi zilipoanza kufanya kazi, Machi 1, 2024 hospitali kubwa kadhaa za binafsi nchini zikatangaza kusitisha huduma kwa wanachama wa NHIF, zikipinga kitita kipya cha bei za huduma. Simu yangu haikupumzika. "Si tulisema?" Kwa watu wa godauni athari ilikuwa ndogo, kwa sababu wao hawakuwa wanatibiwa huko, wanatibiwa kwenye vituo vya serikali na vya madhehebu. Lakini imani iliyumba. Mwajiri anayekata hela ya mtu halafu mtu akasikia kadi imekataliwa mahali fulani Dar es Salaam, anaonekana tapeli yeye, si kitita.

Wachambuaji

Mpaka hapa nimezungumzia watu tisa. Wanaofanya kazi godauni ni zaidi ya 20. Wanaobaki ni wanawake 14 wanaochambua: wanatoa mchanga, konokono na furu waliochanganyika, wanapanga daraja, wanajaza magunia. Wanalipwa kwa gunia, taslimu, jioni ile ile. Wakati wa giza wanaingia alfajiri na kutoka usiku. Wakati wa mbalamwezi wanauza mihogo.

Kisheria, watu hawa si wapita njia. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inamdhania mtu kuwa mwajiriwa akitimiza hata kigezo kimoja kati ya kadhaa, na kimojawapo ni kuwa amemfanyia kazi mwajiri huyo wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Wachambuaji wa Mama wanafikisha saa 45 ndani ya wiki moja ya giza. Nilimsomea kifungu. Alinyamaza, kisha akauliza kama kuwakiri kunamaanisha bima peke yake. Hapana, Mama. Kunamaanisha NSSF, kima cha chini, likizo, na SDL kwa watu 24. "Basi tuongee kitu kingine," akasema.

Simlaumu kwa kuogopa, na sijifanyi kwamba wachambuaji hawadhulumiwi. Yote mawili ni kweli. Bima kwa mwajiriwa imefungwa kwenye kamba moja na mambo mengine yote ya ajira rasmi. Ukivuta moja yanakuja yote, kwa hiyo mwajiri havuti hata moja. Hapa mpango wa bima kwa wote ungeweza kuachia fundo. Mwajiri aruhusiwe kuchangia bima ya kibarua, itambulike, ikatwe kwenye kodi yake, bila mchango huo kugeuzwa ushahidi wa kumdai mengine kesho yake. Najua watetezi wa haki za kazi watasema hiyo ni kuhalalisha ukibarua. Nawaomba wapime dhidi ya hali ilivyo sasa, ambayo ni ukibarua bila bima.

Kilichowezekana kwa wachambuaji kilikuwa Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF iliyoboreshwa, uliokuwa Sh30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita kwa mwaka. Mama alikubali kulipa nusu ya kila mmoja, Sh210,000 kwa wote 14. Nusu nyingine, Sh15,000, ilitakiwa itoke kwao, na jaribio la kwanza lilishindwa kabisa. Tuliwaambia walete mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi uliangukia mbalamwezi. Hakuna aliyeleta, na si kwa ukaidi.

Jibu lilitoka kwa msimamizi wao, mama wa miaka 40 hivi anayejua kila mmoja ana deni gani na kwa nani. Alisema wakatwe kwenye gunia wakati wa giza, Sh200 kwa kila gunia, yeye aandike. Magunia 75 na mtu amemaliza. Wengi walimaliza kabla giza la tatu halijaisha, na hakuna aliyesema ameumia. Ni kanuni ile ile ya Ushirika Afya kwa wakulima wa pamba wa Kwimba na Magu, ambao walikuwa wanalipia Sh76,800 kwa mtu kupitia vyama vyao vya ushirika, AMCOS, wakati pamba inauzwa, si wakati wa palizi. Hela ya bima ikatwe inapopita. Kalenda ya makato ya serikali ina tarehe ya mwisho wa mwezi, kalenda ya ziwa ina giza na mbalamwezi, na mtu atakayesanifu vifurushi vya sekta isiyo rasmi kwa mikoa ya ziwa bila kuijua hii ya pili atashangaa kwa nini kaya hazilipi. Vikundi vya usimamizi wa mialo, BMU, na vyama vya wachuuzi vipo kila mwalo, vinajua gunia gani limepita na la nani.

Usajili ulikuwa na vikwazo vyake. Mwandikishaji anapiga picha kila mwanakaya kwa simu, na watoto wa baadhi yao walikuwa visiwani. Tulivuka.

Kisichovukika ni ngazi. CHF ilikuwa inaanzia zahanati, inapanda kituo cha afya, hospitali ya wilaya, inaishia hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa hapa ni Sekou Toure. Mchambuaji mmoja alianza kutibiwa uvimbe mwishoni mwa 2024. Kadi ilimfaa vizuri, zahanati hadi mkoa, vipimo na kulazwa. Kisha madaktari wakaandika rufaa ya kanda. Kadi haikupanda naye mlima wa Bugando, iliko hospitali ya kanda. Tukarudi kwenye kofia, na Mama akarudi kwenye daftari.

Mtu anaweza kusema Sh30,000 inunue nini zaidi, na ni kweli, kwa bei hiyo ilivyofika mkoa ni maajabu. Lakini familia haifilisiki kwa malaria. Inafilisika pale juu, baada ya rufaa, na bima hii ya maskini iliishia ngazi moja kabla ya hapo. Ningekuwa na kura, ningekubali mchango wa kaya upande kidogo na dawa za mafua zilipiwe mfukoni, mradi rufaa ya kanda iwe ndani.

CHF za wachambuaji ziliisha muda mwaka jana mapema. Kati ya 14, tisa walihuisha. Wawili walikuwa wamerudi visiwani. Watatu walikataa, na sababu yao ilikuwa moja: walikwenda na kadi, wakaandikiwa dawa, wakaambiwa dawa hakuna, kanunue duka la nje. Hakuna elimu ya uhamasishaji inayoweza kumjibu mtu huyo.

Kwa wale tisa wa mishahara hakuna aliyeomba kutoka, hata karani. Safu ya matibabu kwenye daftari haijaisha, ila imebaki na nauli za rufaa, dawa zilizokosekana, na mchango wa yule mchambuaji. Jumla ya 2024 ilikuwa Sh410,000, na Sh260,000 kati yake ni za huyo mchambuaji mmoja.

Sasa Mama anataka kumwingiza msimamizi wa wachambuaji kwenye orodha ya mishahara, kwa sababu mama yule ameanza kutongozwa na godauni la jirani. Atakuwa mtu wa kumi. Tumepiga hesabu ya SDL mara mbili na Mama amekubali kuilipa. Akasema ikishaanza kulipwa, hakuna tena sababu ya mlinzi wa geti la nyuma kukaa kwenye pochi ya nyumbani, naye ataingia na kadi yake. Nimeandaa mikataba yote miwili. Msimamizi amesaini. Mlinzi ameomba kwanza apelekewe fomu ya wategemezi nyumbani, maana ana wake wawili na fomu ina nafasi ya mwenza mmoja.